Mwongozo kamili: Kuchora malaika kwa mstari wa mafuta, njia ya Paul Klee

Wengi wanaojaribu kuchora malaika kwa njia ya mchoraji Paul Klee hukwama palepale. Karatasi inatoka nyeusi tii, mchoro hauonekani. Au mstari unagoma kutoka kabisa. Au mchoro umetoka vizuri, kisha rangi ya maji inaingia na kila kitu kinageuka tope. Na wanaovuka vikwazo hivyo vyote mara nyingi huishia na malaika wa kadi ya Krismasi: kanzu nyeupe, manyoya yamepangwa moja moja, duara la nuru kichwani.

Kielelezo chetu ni Angelus Novus, picha ya mwaka 1920 ambayo sasa inahifadhiwa Israel Museum, Jerusalem. Ni ndogo, takriban sm 32 kwa sm 24, inaizidi A4 kidogo tu. Klee alihamisha mistari kwa rangi ya mafuta, yaani alipitisha ncha juu ya mchoro uliolazwa juu ya karatasi iliyopakwa rangi hiyo, rangi ikashuka kwenye karatasi ya chini, kisha akapaka rangi ya maji. Hatutaiiga picha yenyewe. Tutachukua njia yake, na malaika atakuwa wako.

Tenga siku moja ya kuchora na kuhamisha, siku nyingine ya kupaka rangi, na katikati wiki moja hivi ya kuacha picha ikauke. Asiye na wiki hiyo asianze, maana picha nyingi zinaharibikia hapo.

## Vifaa

- Rangi ya mafuta nyeusi ya tyubu, ile ya wasanii. Wino mweusi wa mafuta wa kuchapishia unafaa pia, na ni bora zaidi kwa sababu ni mzito.
- Karatasi nyembamba kadhaa. Za fotokopi za gramu 80 zinatosha. Ukipata nyembamba zaidi, chukua.
- Karatasi nene ya picha yenyewe, gramu 200 kwenda juu, yenye uso laini. Uso wenye vinundu hukatakata mstari.
- Kipande cha kioo au plastiki ngumu iliyo bapa.
- Rola ndogo ya mpira. Ukiikosa, tumia kadi ya zamani ya benki kukwangulia na kipande cha sponji kusambazia.
- Kalamu iliyoisha wino, sindano ya kufumia na kijiko cha chai.
- Tepu ya karatasi, magazeti ya zamani, rula ndefu na vitabu viwili vyenye unene sawa.
- Rangi za maji: njano ya udongo, kahawia, nyekundu kidogo, buluu kidogo. Rangi nne zinatosha.
- Brashi laini na pana, angalau sm 2.
- Ubao wa kubandikia picha wakati wa kupaka rangi, pamoja na kadibodi nyeupe na unga wa ngano wa kutengenezea gundi.
- Mafuta ya kupikia, sabuni ya maji, vitambaa vikuukuu, glavu.

Vitu vitatu viache dukani. Cha kwanza ni akriliki: hukauka kwa dakika chache, kwa hiyo karatasi ya wino, ile nyembamba iliyopakwa rangi, inakufa kabla hujamaliza kichwa cha malaika. Cha pili ni rangi ya mafuta ya kopo, ile ya milango na mageti. Wachoraji wa Tingatinga wameifanyia maajabu kwa brashi, lakini kwa kazi hii haifai, kwa sababu hufanya ngozi juu huku chini ikiwa mbichi. Cha tatu ni karatasi ya kaboni. Itakupa mstari safi, mwembamba, unaofanana mwanzo hadi mwisho, yaani mstari usio na chochote tunachokitafuta hapa.

Kama imani yako hairuhusu kuchora malaika, au kuchora nyuso, mwongozo huu bado ni wako. Njia inafanya kazi ileile kwa ndege, jahazi au mti. Klee mwenyewe mwaka 1922 aliitumia kwa ndege wanne waliokaa juu ya waya wenye mpini wa kuzungusha, picha iitwayo Die Zwitschermaschine, iliyoko Museum of Modern Art, New York.

## Hatua ya 1: Mpe malaika kitendo kabla ya kumpa sura

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayozaa malaika wa kadi ya Krismasi.

Mtazame malaika wa Angelus Novus. Kichwa ni kikubwa kuliko kiwiliwili. Nywele zimejikunja mfano wa karatasi zilizoviringishwa. Kinywa kiko wazi na meno yameachana. Macho yanatazama pembeni. Mikono ndiyo mbawa, imeinuliwa, na ina vidole. Miguu ni ya ndege. Hana kanzu, hana nuru kichwani, na mbawa zile zingemwangusha mara moja. Hata hivyo huwezi kumwondolea macho, kwa sababu kuna jambo linamtokea.

Mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin aliinunua picha hiyo mwaka 1921. Mwaka 1940, katika maandishi yake kuhusu historia, alimsoma malaika huyo kwa vitenzi: amegeuzia uso wake wakati uliopita, anaona maangamizi yanarundikana miguuni pake, anataka kubaki awaamshe wafu, lakini tufani imeshika mbawa zake na inamsukuma kinyumenyume kuelekea wakati ujao. Tufani haimo kwenye karatasi. Klee hakuichora. Ila alichora mwili ulio katikati ya kitendo, na mwili huo ukampa mtazamaji nafasi ya kuiona tufani.

Wengine katika sanaa ya kisasa walifika hapohapo kwa njia zao. Max Ernst mwaka 1937, Hispania ikiwa vitani, alichora dude linalorukaruka uwandani, limevaa matambara, limekenua meno, akaliita L'Ange du foyer, malaika wa nyumbani. Antony Gormley alisimamisha Angel of the North huko Gateshead, Uingereza, mwaka 1998: chuma kitupu, urefu wa mita 20, mbawa zenye upana wa mita 54, uso hauna macho wala kinywa. Mbawa zake amezielekeza mbele kwa nyuzi 3.5 hivi, na kwa mwinamo huo mdogo sanamu nzima inakuwa inamkumbatia anayeikabili. Mwinamo ule ndio kitendo chake.

Kwa hiyo, kabla ya penseli kugusa karatasi, andika sentensi moja yenye kitenzi. Malaika huyu amechelewa. Malaika huyu anasikiliza ukutani. Malaika huyu amebeba kitu asichokijua. Malaika huyu anajifunza kukunja mbawa. Epuka sentensi ya sifa kama "malaika mwema" au "malaika mrembo", kwa sababu sifa haikupi cha kuchora.

Kisha amua mbawa zinafanya nini ndani ya sentensi hiyo. Hapa vitabu vya dini vina utajiri ambao wachoraji wengi wameuacha. Katika Isaya sura ya 6, maserafi wana mbawa sita: mbili hufunika uso, mbili hufunika miguu, mbili ndizo za kurukia. Katika Qur'ani, Sura Fatir inafungua kwa kuwataja malaika wenye mbawa mbili-mbili, tatu-tatu na nne-nne. Mbawa zinaweza kuficha. Zinaweza kuzidi mahitaji. Zinaweza kuwa mzigo. Kama sura inakushinda, mpe malaika mbawa inayofunika uso, na tatizo lako limekuwa maana ya picha.

Utajua umefaulu ukimwonyesha mtu mchoro wa haraka wa penseli bila maelezo, naye akakuambia malaika anafanya nini. Si lazima aseme sentensi yako neno kwa neno. Akisema "anaogopa kuingia" wakati wewe uliandika "amechelewa", endelea. Akisema "ni malaika" basi, rudi kwenye sentensi.

## Hatua ya 2: Chora rasimu kwa mistari mitupu

Tumia karatasi nyembamba na kalamu ya kawaida. Rasimu hii ndiyo utakayoipitishia ncha baadaye, kwa hiyo kila mstari uliopo lazima uwe umekusudiwa.

Usitie vivuli. Vivuli vitakuja vyenyewe katika hatua ya 5, na ukivichora hapa vitakuwa vimejumlishwa mara mbili.

Acha nafasi ya milimita 3 au zaidi kati ya mstari na mstari. Mstari wa mafuta hunenepa ukishahamia, na macho yaliyochorwa madogo sana huziba yakawa matone mawili meusi. Uso ukiwa na upana chini ya sm 5 utakusumbua. Klee alikipa kichwa nafasi kubwa, nawe ufanye hivyo.

Acha ukingo mtupu wa sm 3 pande zote. Utauhitaji kwa tepu.

Ukitaka kujifunza jinsi mistari michache inavyobeba uzito, tafuta malaika wa penseli ambao Klee aliwachora mwaka 1939, akiwa mgonjwa sana mjini Bern, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Vergesslicher Engel, Malaika Msahaulifu, ametulia na macho yameinama, vidole vya mikono vinatafutana mbele ya mwili, mbawa zimekaa mabegani. Mistari inapishana, mingine haifungi, na hakuna kilichorudiwa kuongezewa nguvu. Chora rasimu nyingi za sentensi ileile kwa haraka, kisha chagua moja. Usiisafishe sana uliyoichagua. Mkono ukishaanza kurembesha, kitendo kinatoweka.

Utajua umefaulu ukiweza kupitisha kidole juu ya mistari yote kwa chini ya dakika tatu.

## Hatua ya 3: Andaa karatasi ya wino

Fanya taratibu hapa. Picha nyeusi tii na picha isiyotoka zote mbili hutokana na hatua hii, na tofauti kati yake ni unene wa tabaka la rangi.

Vaa glavu, tandaza magazeti. Kamua rangi kwenye kioo: kwa karatasi ya A4, kiasi cha punje moja ya harage. Ndiyo, ni kidogo hivyo. Isambaze kwa rola huku na huku. Mwanzoni rola hutoa sauti nzito ya kunata. Rangi ikishakuwa nyembamba, sauti hugeuka mlio mwepesi wa kuchachatika. Subiri mlio huo.

Pitisha rola juu ya karatasi nyembamba, ukiacha kingo za sm 2 bila rangi ili upate pa kushika. Unataka uso wenye rangi ya mkaa, usiong'aa, ambao ukiuinua dhidi ya dirisha unapitisha mwanga kidogo. Ukiona uso unang'aa, rangi imezidi.

Sasa punguza. Laza gazeti safi juu ya upande wenye rangi, lipapase kwa kiganja bila kukandamiza, libandue. Gazeti litakuwa limenyonya rangi ya ziada na sehemu ya mafuta yake. Badilisha gazeti, rudia. Endelea hadi gazeti litoke na kijivu hafifu tu. Rangi ya tyubu huhitaji kupunguzwa mara nyingi kuliko wino wa kuchapishia, kwa sababu ina mafuta mengi.

Iache karatasi ipumzike kama saa moja, upande wenye rangi juu, mbali na vumbi. Usitegemee saa peke yake. Pwani kwenye joto rangi hulegea, na mahali pa baridi kama Njombe au Limuru huwa ngumu. Huko weka kioo juani kwanza. Kinachoamua ni jaribio lifuatalo.

Jaribio. Chukua kipande cha karatasi ileile nene utakayotumia. Weka karatasi ya wino juu yake, upande wenye rangi ukitazama chini. Weka kiganja juu, bonyeza kidogo, inua. Kipande kinapaswa kuwa kitupu, au na kijivu cha kupita. Rudisha, kisha chora mstari na duara kwa kalamu isiyo na wino. Inua tena. Unapaswa kuona mstari mweusi wenye kingo laini kidogo.

Kiganja kikiacha weusi, punguza tena kwa gazeti. Mstari ukitoka kijivu, ongeza rangi kiasi cha nusu ya ulichoanza nacho. Usisonge mbele hadi majibu yote mawili yawe sahihi. Karatasi nene ni ghali, ya jaribio ni bure.

## Hatua ya 4: Panga matabaka matatu

Chini kabisa, karatasi nene safi, imebandikwa mezani kwa tepu pembe zote nne. Katikati, karatasi ya wino, upande wenye rangi ukitazama chini. Juu, rasimu yako, ukiiona wewe.

Kwa mpangilio huu picha haigeuki kushoto-kulia. Nasisitiza kwa sababu wengi huchanganya na njia nyingine, ile aliyoitumia mchoraji Mfaransa Paul Gauguin mwishoni mwa maisha yake, ambapo karatasi safi hulazwa juu ya wino na msanii huchora mgongoni mwake. Hiyo hugeuza picha. Yetu haigeuzi, kwa hiyo usichore rasimu kinyume.

Bandika karatasi ya wino na rasimu kwa tepu upande wa juu tu, zifunguke mfano wa ukurasa. Hivyo utaweza kuinua pembe ya chini kuchungulia bila mchoro kuhama. Zikishahama hata milimita moja, mistari haitakutana tena.

Shusha karatasi ya wino moja kwa moja, taratibu. Usiiburute.

## Hatua ya 5: Hamisha mstari

Jenga daraja kwanza. Weka kitabu kimoja kila upande wa picha, na rula juu yake ikivuka. Mkono wako utaegemea rula, hautagusa karatasi. Asiye na daraja huegemeza kiganja kwenye karatasi, na kila kilipotua kiganja panatokea doa. Hii ndiyo sababu kubwa ya picha nyeusi baada ya unene wa rangi.

Anza juu, shuka chini. Mwenye kutumia mkono wa kulia aanzie kushoto, wa mkono wa kushoto aanzie kulia. Bonyeza kwa nguvu unayotumia kuandika risiti yenye nakala mbili. Kalamu iliyoisha wino hutoa mstari wa kawaida, sindano ya kufumia hutoa mwembamba na mkali. Uso ufanye kwa sindano, mbawa kwa kalamu, na utaona jinsi tofauti hiyo ndogo inavyoupa uso umakini.

Pitia kila mstari mara moja. Ukiurudia, unapata mistari miwili iliyokaribiana inayoonekana kama woga. Mstari ukikatika njiani, uache umekatika.

Ukishamaliza kichwa, inua pembe uchungulie. Mistari ikiwa hafifu, ongeza nguvu kwa iliyobaki, lakini usirudi kwenye kichwa.

Sasa vivuli. Katika picha za Klee za njia hii kuna madoa, mawingu na mikwaruzo midogo kuzunguka umbo. Yalitokana na shinikizo la mkono juu ya karatasi ya wino. Bila madoa hayo malaika huelea mahali patupu. Yakiwepo anakuwa na hewa, vumbi, hali ya hewa yake mwenyewe. Tofauti kati ya doa zuri na uchafu ni kwamba la kwanza ulilichagulia mahali.

Kwa hiyo chagua sehemu mbili au tatu kulingana na sentensi yako. Malaika anayesikiliza ukutani anahitaji giza upande wa ukuta. Aliyechelewa anahitaji kitu nyuma yake. Ondoa daraja, papasa sehemu hizo kwa ncha ya kidole au mgongo wa kijiko, kwa mwendo wa duara, nyepesi. Chungulia. Acha mapema kuliko unavyotamani, kwa sababu doa haliondoki.

Onyo. Usipapase karibu na macho. Uso unahitaji weupe wa karatasi.

Utajua umefaulu ukifunua na kuona mstari mweusi wenye unyoya mdogo kingoni, mnene hapa, umefifia pale, na karatasi iliyobaki ikiwa safi isipokuwa ulipopapasa. Mstari huo utaonekana mzee kuliko mkono ulioichora rasimu, na ndiyo njia ambayo Klee aliitumia tangu mwaka 1919.

Karatasi ya wino usiitupe. Inaweza kutoa picha ya pili, hafifu zaidi, na wakati mwingine hiyo ya pili ndiyo bora.

## Hatua ya 6: Kausha

Laza picha bapa, mahali penye hewa, bila jua la moja kwa moja. Siku nne hadi saba kwa kawaida zinatosha kwa mstari mwembamba. Msimu wa mvua pwani inaweza kuwa zaidi.

Jaribu kwa kubonyeza karatasi laini ya chooni juu ya mstari mnene kuliko yote. Ikitoka safi, uko tayari. Ikitoka na weusi wowote, ongeza siku mbili. Usitumie pasi wala moto kuharakisha: karatasi itajikunja na mafuta yatasambaa kuzunguka mstari, yaache utando wa njano.

## Hatua ya 7: Rangi ya maji

Mafuta na maji hayachanganyiki, na njia nzima imesimama juu ya hilo. Rangi ya maji ikipita juu ya mstari wa mafuta, mstari huikataa na kubaki mweusi. Ndiyo sababu unaweza kupaka kwa brashi pana bila kuogopa kupoteza uso. Kama ulitumia wino wa kuchapishia unaoyeyuka kwa maji, utaona mistari ikikimbia sasa, na hakuna dawa.

Bandika picha kwenye ubao kwa tepu kingo zote nne ili isijikunje.

Changanya rangi ya kutosha kwa picha nzima kabla ya kuanza, iliyo nyepesi kuliko unavyodhani inafaa. Anza na njano ya udongo yenye kahawia kidogo. Angelus Novus imo kwenye familia hiyo ya rangi. Jaza brashi, pita mara moja kutoka ukingoni kuelekea umbo, na usirudi palipokwisha kulowa. Brashi inayorudirudi huchubua karatasi na kuamsha vumbi la wino kwenye madoa, na tope linaanzia hapo.

Usijaze umbo kwa kufuata mistari yake. Acha rangi ivuke mipaka ya mbawa, itoke nje, ifuate madoa. Ukipaka mbawa buluu ndani ya mstari na kanzu nyeupe ndani ya mstari, umerudi kwenye kadi. Rangi hapa ni hewa anayosimama malaika.

Acha ikauke kabisa. Tabaka la pili lipeleke sehemu moja tu: nyekundu iliyofifia shavuni, au buluu chini ya miguu. La tatu usipake.

Utajua umefaulu ukiona matone madogo ya rangi yakigawanyika juu ya mistari mipana, na uso ukiwa sehemu iliyo angavu kuliko zote.

## Hatua ya 8: Bandika na uipe jina

Klee alikuwa akibandika karatasi zake kwenye kadibodi, kisha chini yake anaandika mwaka, namba ya kazi na jina. Angelus Novus ina mwaka 1920 na namba 32. Mwaka 1939 peke yake aliorodhesha kazi 1,253. Fuata utaratibu huo tangu picha yako ya kwanza, maana utataka kujua baadaye ipi ilitangulia ipi.

Gundi: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji, koroga juu ya moto mdogo hadi iwe uji mzito unaong'aa, chuja, poza. Paka mgongoni mwa picha kwa wembamba, bandika, funika kwa karatasi safi, weka vitabu juu usiku kucha.

Tumia kadibodi nyeupe iliyo safi, si boksi la kahawia wala gazeti, kwa kuwa hizo hugeuka njano na kuipitishia picha madoa. Na chagua unachobandikia kwa akili, kwa sababu hukaa. Msanii wa Marekani R. H. Quaytman alipoichunguza Angelus Novus aligundua kwamba Klee aliibandika juu ya chapa ya karne ya 19 yenye sura ya Martin Luther, na kingo za chapa hiyo zinaonekana hadi leo.

Jina liandike mwisho. Usitumie sentensi yako yote ya hatua ya 1, chukua kipande. "Amechelewa" inatosha. Klee aliwaita malaika wake kwa upungufu wao: msahaulifu, maskini, bado ni mwanamke. Jina linaloeleza kila kitu linamnyima mtazamaji kazi.

## Usafi na hatari ya moto

Futa kioo na rola kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni ya maji. Huhitaji tina wala mafuta ya taa, na mapafu yako yatashukuru.

Vitambaa na magazeti yenye rangi ya mafuta usivirundike wala kuvifungia kwenye mfuko. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi hutoa joto yanapokauka, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikakamae, au vilowekwe kwenye ndoo ya maji kabla ya kutupa.

## Ukikwama

Picha nzima ni nyeusi. Rangi ilizidi. Rudi kwenye magazeti, rudia jaribio la kiganja.

Madoa yako chini kulia tu. Huo ni mkono wako. Daraja lilikosekana au liliinama.

Mstari unatoka vipande vipande. Karatasi nene ina vinundu, au meza haiko bapa. Weka kioo chini ya karatasi nene.

Rasimu inatoboka. Ncha ni kali mno. Isugue sindano kwenye msasa laini hadi iwe butu.

Mistari miwili kila mahali. Karatasi ya wino ilihama. Ongeza tepu juu na usishike rasimu kwa vidole unapochora.

Mstari una utando wa njano. Rangi ya tyubu ilikuwa na mafuta mengi. Mara nyingine ikamue juu ya gazeti kwanza, iache nusu saa ndipo uihamishie kwenye kioo.

Kila kitu kimetoka sawa lakini malaika amekufa. Weka picha mbali, chukua karatasi mpya ya fotokopi, uandike kitenzi kingine.